Niliyoyasema siku ya kumuaga Mwalimu, kwa nyinyi ambao hamkufika

Walioko Nairobi, Doha na kwengineko wameniomba niwaandikie ile hotuba ya siku tuliyomuaga Mwalimu kwenye uenyekiti wa kamati ya maji. Haikuwa imeandikwa popote, nilikuwa na kikaratasi tu mkononi, kwa hivyo hii ni vile ninavyokumbuka, na pahali nilipopotea njia nimepaacha vivyo hivyo.

Assalaam alaykum warahmatullah. Wazee wetu, walimu, kina mama mliokaa kule kivulini na mmefanya vizuri, ndugu zetu wa Ngomeni na Gongoni mliokuja na pikipiki kwenye jua hili, na nyinyi vijana mliopanda ukuta na mkiambiwa mshuke mnajifanya hamsikii. Mwalimu, shikamoo. Mama, shikamoo, najua hukutaka shughuli hii iwe kubwa hivi lakini ndio imeshakuwa.

MC amenipa dakika kumi na nimeshamwambia hazitoshi. Kwanza niwaelezee kwa nini nimesimama mimi, manake naona kuna watu wanatazamana. Kamati ilikuwa inataka asimame daktari wetu, au yule injinia wa bandarini, au yule dada yetu wa benki, watu wanaojua kuzungumza na wana suti. Mwalimu ndiye aliyekataa, akasema, "Atasema yule wa mashine." Basi yule wa mashine ndiye mimi, mnanijua, banda langu liko pale karibu na gati la wavuvi, kama injini ya boti yako imewahi kukuzimikia katikati ya bahari basi mimi na wewe tushaonana. KCSE, ule mtihani wa kumaliza fomu foo, nilipata D pleni. Fizikia ndio usiniulize kabisa. Na Mwalimu huyu alinifundisha miaka minne yote.

Sasa mimi nadhani najua kwa nini alinitaka mimi, hakuniambia lakini nadhani najua. Kila skuli ikimuaga mwalimu wake watu huhesabu waliotoka. Amemtoa daktari, amemtoa rubani, amemtoa profesa, na wanapigiwa makofi, na mashallah ni sifa ya haki, sikatai. Lakini tuseme ukweli, wengine wale walikuwa wanafika tu, mtoto kama yule ukimpa kitabu na koroboi anafika. Sisi je? Sisi tuliobaki hapa, wa D, wa samaki, wa bodaboda, wa mama mboga, nani alitufundisha sayansi baada ya skuli kutufungia mlango? Hiyo ndiyo kazi ya Mwalimu ninayoijua mimi, na hiyo haiko kwenye ile risala iliyosomwa sasa hivi.

Nianze nyuma kidogo. Mwalimu ni mtoto wa Mambrui, hapo tu ukivuka mto Sabaki. Mwaka 1970 alikuwa darasa za chini kabisa. Tarehe 12 Disemba mwaka ule, Jamhuri Dei, nchi inatimiza miaka saba ya uhuru, watu wako kwenye ngoma na halwa zao, na kule Ngomeni, kwenye ile mitambo ya chuma iliyosimama baharini inayoitwa San Marco, Wataliano na Wamarekani wakarusha roketi. Juu yake kulikuwa na satelaiti, na kwa sababu ya siku ile wakaipa jina la Kiswahili, Uhuru. Mwalimu anasema yeye aliona moshi mweupe unapanda upande wa Ngomeni alafu ukapinda kuelekea baharini, na wazee waliokuwa barazani wakaanza kubishana, huyu anasema hivi, yule anasema hivi, mmoja akauliza swali moja tu la maana: hawa watu wametoka kwao mbali kote kule kuja kurushia hapa, kwani kwao hakuna bahari?

Hakuna aliyemjibu yule mzee. Na Mwalimu anasema lile swali lilimkaa kichwani mpaka akafika fomu faivu ndio akapata jibu lake, na kila fomu wani iliyoingia skuli yetu ilipewa hadithi hii wiki ya kwanza, sisi tulipewa, walionitangulia walipewa. Jibu lenyewe ni kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa kwetu karibu na ikweta ndipo ardhi inakwenda mbio zaidi, kama mita 465 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na sisi tumekaa juu yake tunakunywa kahawa hatusikii chochote. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inapata ule msukumo wa bure, na mashariki yetu ni bahari tupu, kikianguka kipande cha chuma hakimwangukii mtu. Basi ndio maana ikawa Ngomeni.

Na ile satelaiti haikuwa ya mchezo. Ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei angani, manake hewa yetu huizuia ile miale isifike chini, lazima upande juu ndio uione. Ilifanya kazi mpaka 1973, orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na yule mwanasayansi aliyeiongoza, Riccardo Giacconi, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mwalimu alikuwa akimaliza hapo anatuangalia, anasema, haya mambo yalianzia kwa jirani yenu, na nyinyi hapa mnagombania jiko moja la spiriti watu arubaini. Hatukujua kama tucheke au tuone haya.

Alisomea ualimu Kenya Science kule Nairobi, kile chuo kilichoanzishwa miaka ya sitini kwa msaada wa Waswidi, akarudi nyumbani kufundisha 1985, mwaka ule ule mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaanza. Kwa hivyo yale makundi ya mwanzo ya KCSE ya 1989 yalipita mikononi mwake na maabara haina kitu. Mambo ya maabara sitayarefusha, wazee wa enzi ile wanayajua, asidi ilikuwa ikihesabiwa kwa matone. Lakini lile la manjano lazima nilitaje kwa ajili ya kina mama. Litmasi zilikuwa hakuna, basi yeye alikuja na manjano ya jikoni, ya unga, akayakoroga na spiriti, akachovya vipande vya karatasi, akavianika kwenye dirisha. Ukitia ndimu inabaki njano. Ukitia ukwaju njano. Ukitia maji ya jivu au sabuni, papo hapo inakuwa nyekundu ya damu. Na kila mama hapa anajua, kanga ikimwagikiwa mchuzi wa manjano ukipaka sabuni doa linageuka jekundu, unashtuka, alafu ukisuuza linarudi. Tumeliona maisha yetu yote kwenye beseni na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuambia ile ni kemia.

Sio kwamba alikuwa malaika, na naomba risala zisitudanganye. Kabla ya kiboko kupigwa marufuku 2001 kaka zetu wanajua mkono wake ulivyokuwa. Mimi niliingia skuli 2003 nikakuta kiboko hakipo, nikakuta ulimi, na sijui lipi lilikuwa afadhali. Kusifu hajui. Ukimletea jibu sahihi anakuuliza, "Umepima, au umesikia?" Basi. Hiyo ndiyo pongezi.

Kuna kitu kimoja alichofanya ambacho walimu wenzake walikuwa wakimcheka, leo wako hapa wanacheka tena. Tulipofika kwenye mawimbi na mwezi na maji kujaa na kupwa, kitabu kimefunguliwa, yeye akakifunga, akatoka akarudi na mzee mmoja mvuvi, Allah amrehemu, miguu peku, kikoi, hajawahi kukanyaga darasa maisha yake. Akamsimamisha mbele ya ubao akamwambia, "Mzee, wafundishe bamvua na maji mafu." Yule mzee mwanzo alitahayari, kisha akaanza, na alipoanza hakusimama. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanajaa sana na yanatoka sana, hiyo bamvua, mwezi wa nusu maji hayaendi mbali, hayo mafu, na kila siku maji yanachelewa kidogo kuliko jana. Mwalimu yuko nyuma ya darasa anaandika kama mwanafunzi. Mzee alipomaliza ndio Mwalimu akaja mbele, akachora jua, mwezi na dunia, akaonyesha kwamba vikikaa mstari mmoja vinavuta pamoja ndio bamvua, na ule "kidogo" wa mzee ni kama dakika 50 kwa siku kwa sababu mwezi nao unatembea. Akamgeukia mzee akamuuliza, "Ni sawa, mzee?" Yule mzee akatikisa kichwa, "Ni sawa, ila wewe umechelewa kujua." Darasa lilivunjika kwa kicheko.

Mimi nilikuwa kwenye darasa lile, D yangu na yote, na nawaambia hapo ndipo nilipojua kwamba babu yangu hakuwa mjinga. Mtoto wa mvuvi huwa anakwenda skuli kujifunza kwamba nyumbani kwao hawajui kitu. Sisi tulirudi nyumbani siku ile tukawauliza wazee maswali.

Alafu ikaja tsunami. Mnakumbuka, 26 Disemba 2004, Jumapili, watu wako likizo. Mchana bahari ikaanza vituko, maji yanatoka na sio wakati wake, boti zinalala kwenye mchanga, yanarudi kwa nguvu, yanatoka tena, polisi wanafukuza watu ufuoni na wengine wanakimbilia kule kule kuangalia. Hapa Kenya tulisalimika, alikufa mtu mmoja, jirani zetu wa Somalia walikufa mamia, na ukijumlisha nchi zote zilizopigwa ni zaidi ya watu laki mbili. Ikasemwa kila kitu wiki ile. Wengine ni kiyama, wengine ni Wamarekani wamelipua bomu chini ya bahari.

Skuli ilipofunguliwa Januari Mwalimu aliingia darasani bila salamu, akaandika ubaoni: tetemeko, pwani ya Sumatra, saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa zetu. Kina cha bahari katikati, tuseme mita 4,000. Akasema wimbi kama lile mwendo wake haujali upepo, unajali kina. Chukua kile kina uzidishe kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tukafanya. Inatoka 198 hivi, mita kwa sekunde. Zidisha upate kilomita kwa saa, inatoka zaidi ya 700, mbio za ndege. Kutoka kule mpaka hapa ni kama kilomita 6,200. Gawanya. Mimi nilikuwa sijawahi kumaliza hesabu ya fizikia maisha yangu, ile niliimaliza, manake nilitaka kujua. Inakuja masaa tisa kasoro kidogo. Hesabu kutoka alfajiri ile, unafika kama saa saba kasorobo mchana. Darasa lote kimya, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakumbuka alikuwa wapi saa ile.

Akasema, "Bomu haliwezi kupigiwa hesabu hivi." Kisha akasema lile lililonikaa zaidi, kwamba masaa tisa ni mengi, mtu anaweza kunywa chai, kuswali, kwenda sokoni na kurudi, na katika muda wote ule simu moja tu inatosha kumtoa kila mtoto ufuoni, kwa hivyo siku nyingine mkiona bahari inarudi nyuma na sio wakati wake msingoje simu, kimbieni juu na piga makelele. Hadi leo vijana wa gatini wanajua hilo, na wengi wao hawajui limetoka kwa nani.

Sasa nije kwa mashine. Nilimaliza skuli 2006, matokeo mnayajua, baba akanipeleka kwa fundi. Siku moja Mwalimu akapita bandani, nikajificha nyuma ya boti, kweli, nilijificha. Akaniita. Nilikuwa na plagi mkononi, nyeusi tii, imejaa masizi. Akaniuliza kwa nini imekuwa nyeusi. Nikamwambia oili imezidi, mwenye boti alichanganya kwa jicho, zile injini ni lita moja ya oili kwa lita hamsini za petroli, sasa ukizidisha oili haiungui yote, yanabaki masizi, cheche haipiti, injini inakufa. Akaniuliza, na ikipungua? Nikamwambia pistoni inakwama, hapo ni pesa nyingi. Akanyamaza kidogo akasema, "Wiki ijayo Jumatano saa nne njoo skuli na hiyo injini."

Nilidhani anataka itengenezwe. Kumbe nifundishe. Nikasimama mbele ya fomu sri, mimi wa D pleni, mikono ina grisi, nikawafungulia injini ya tu-stroki mezani kipande kwa kipande, hapa mchanganyiko unaingia, hapa unabanwa, hapa cheche, hapa moshi unatoka, na Mwalimu ananiambia tu, "Endelea, mwalimu." Ameniita mwalimu mbele ya wanafunzi. Sijui nyinyi lakini mimi sijawahi kupewa cheti kinachoshinda hicho, na tangu siku ile kila mwaka nilikuwa nakwenda mpaka alipostaafu, na siku hizi naenda bado, ila huyu mwalimu mpya ananipa soda.

Uongozi wake nao mnaujua matunda yake lakini wengi hamjui ulivyoanza. Ulianza na ugomvi. Alitokea mfadhili, mtu mzuri tu, nia njema, akataka kutununulia pampu kubwa ya dizeli ifungwe kwenye kile kisima chetu kikubwa, tuachane na ndoo. Mji mzima ukafurahi. Mwalimu peke yake akasema tupime kwanza. Watu wakakasirika, wengine walisema mambo ambayo siyarudii mbele ya mama. Siku ya baraza yeye akaja na jagi la kioo. Chini akatia maji ya bahari. Kisha akachukua maji ya kisima aliyoyatia rangi nyekundu ya chakula, akayamimina pole pole juu ya mgongo wa kijiko, na yale mekundu yakakaa juu, hayakuchanganyika, mstari unauona. Akasema, hivi ndivyo tulivyo, sisi tunakunywa maji ya mvua yaliyokaa juu ya bahari. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, ndio maana yanaelea. Akatia mrija akavuta taratibu, mekundu yakapanda. Kisha akachukua bomba la sindano kubwa, lile la kudungia ng'ombe, akavuta kwa nguvu, na mbele ya macho yetu yale meupe ya chini yakainuka katikati yakaingia kwenye bomba. Akampa mzee wa mtaa aonje. Mzee akatema.

Na akatoa hesabu yake, manake bila hesabu sio yeye. Kwa kila mita moja ambayo maji ya kisima yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji matamu. Inaonekana ni nyingi. Lakini geuza upande wa pili: ukishusha maji ya juu kwa mita moja, chumvi huko chini inapanda 40.

Nitawaambia ukweli, baraza lile hakushinda. Wengi walitaka pampu. Ila mfadhili mwenyewe alikuwa ameona lile jagi, akasita, na kule mtaa wa pili wao wakanunua yao kwa pesa zao na haukupita msimu wa kiangazi kisima chao kikaingia chumvi, mpaka sasa kinafulia nguo tu. Hapo ndipo watu walipomfuata Mwalimu nyumbani usiku. Tukachimba visima vidogo vingi vya kina kifupi, vimetawanyika, pampu za mkono, na kuna saa za kufunga. Ndio mnayokunywa leo.

Alipokubali uenyekiti alitoa sharti moja, ubao. Ule ubao mweusi pale kwenye kibanda cha maji, kila magharibi unaandikwa madumu mangapi yameuzwa na shilingi ngapi zimeingia na zimetumika nini. Mjumbe mmoja alijiuzulu wiki ya pili, akasema ana shughuli nyingi. Tulimwombea dua. Na vikao vyake ni virefu, Mwalimu samahani, lakini ni virefu mno, mtu anakuja na hoja ya mfereji kupasuka anaulizwa umepasuka inchi ngapi, saa ngapi, nani ameona, wengine tulikuwa tukisikia kuna kikao tunaugua.

Kina mama wa mikoko watanilaumu nisipowataja. Lilikuja shirika likawapa miche na fulana, wakapanda kule mbele kabisa kwenye tope kwa sababu ndipo penye nafasi na picha inatoka vizuri. Miche yote ilikufa, ikashikwa na vile vidude vigumu vinavyogandia majahazi, ikazama. Mwalimu hakuwapa hotuba. Aliwapa mti mrefu wenye alama za kamba, akawaambia uchomekeni na kila bamvua mkaangalie maji yamefika wapi na yamekaa muda gani. Wakapima msimu mzima bila kupanda hata mche mmoja, na waume zao wakiwacheka. Kisha wakajua wenyewe, mlilana ndio unaovumilia mbele, mkoko nyuma yake, mkandaa juu zaidi, mchu kule ambako maji yanafika kwa nadra. Nendeni mkaone pale upande wa mkondo, kuna miti imenipita kimo. Yule mama aliyekuwa akishika daftari la vipimo hakumaliza darasa la nane, na mwaka juzi walikuja wanafunzi wa chuo kikuu wakamwomba daftari lake wakapiga picha kurasa zote.

Serikali za kaunti zilipokuja 2013 watu walimfuata asimame MCA, mjumbe wa bunge la kaunti. Gari zilikuwa zinalala nje kwake. Akakataa, akasema, "Sasa nikiwa MCA, ubao wangu utaandikwa na nani?" Mimi wakati ule nilimlaumu, niliona tumepoteza nafasi. Siku hizi nikisikiliza radio simlaumu tena.

La wasichana nitalipita haraka kwa sababu wenyewe watalisema vizuri kuliko mimi, yeye alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia kina baba kwamba fizikia haimzuii msichana kuolewa, na kuna baba mmoja alimfukuza na fimbo, leo binti yake ndiye anayeendesha maabara ya zahanati, na yule baba yuko hapa, hapana mzee usijifiche, tumesameheana.

Basi nimalize na mambo ya kamati, manake MC ananionyesha saa. Mwenyekiti mpya ni yule mama wa daftari, mlimchagua wenyewe, kwa hivyo mjiandae vikao havitapungua urefu. Zawadi ya Mwalimu haikununuliwa saa wala kochi kama ilivyopendekezwa. Alisema akiletewa kochi atalirudisha dukani. Tumenunua kipimo cha chumvi cha maji, cha mkono, cha kutumia betri, na kitakuwa chake lakini kitakaa kibandani, na kila kisima kitapimwa bamvua na maji mafu na tarakimu itaandikwa kwenye ubao chini ya pesa. Mchango umebaki pungufu, wale mlioahidi kwa mdomo mnajijua, mweka hazina amekaa pale mlangoni na simu yake iko wazi, hamtoki bila kupita kwake. Na yule aliyeazima bomba la sindano la ng'ombe kwa Mwalimu naye alirudishe, anasema analihitaji Jumatatu, fomu wani wameingia.

Ahsanteni, nendeni mkale.